Programa mara inakubali, mara inagoma: kabla hujanunua ya tatu

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Mwanga hapa Kigoma, natengeneza bodi za taa za ledi za wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga. Ndani naweka chipu ya ATmega328P, inapunguza mwanga betri ya volti 12 ikianza kuishiwa. Kuingiza programu kwenye chipu (kuflashi) natumia programa, kile kifaa cha USB kiitwacho USBasp, na shida ni hiyo programa, haieleweki. Chipu mpya mara inakubali, mara inagoma na kuandika 'target doesn't answer', yaani chipu haijibu. Chipu nilizochomoa kwenye bodi za Arduino Uno za zamani hazina shida. Nikaagiza USBasp ya pili kutoka Kariakoo, tabia ileile. Jamaa yangu wa Ujiji anatumia Uno yake kama programa. Anabonyeza Burn Bootloader, chipu zangu zote zinakubali, na zikirudi kwangu hata USBasp yangu inazikubali! Chipu ikishakaa kwenye bodi ya taa ndiyo kabisa, inagoma huku taa inapepesa. Chipu mbili zinaleta saini (namba ya kujitambulisha) ya 1e9514 na kazi inaishia hapo. Kila mara kuna onyo kuhusu sck, lakini nimeshalizoea. Mbalamwezi inakwisha na wavuvi wanataka taa zao. Ninunue ile orijino ya bei kubwa, au?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Usinunue kwanza. Barua yako ina ushahidi wa kutosha kuitetea USBasp yako, ila wewe umeutumia kuihukumu. Programa mbili zikiwa na tabia moja, wa kushukiwa ni vile ambavyo hukuvibadilisha ulipobadilisha programa: chipu, nyaya, soketi, laptopu, na mwendo ambao programa inazungumza nao na chipu. Kwako naona makosa mawili yanayotoa ujumbe uleule mmoja, ndiyo maana hayashikiki. Ukirekebisha moja, lingine linakurudishia ujumbe uleule, nawe unadhani hujafanya kitu.

Tuanze na jamaa yako wa Ujiji, maana ameshategua kitendawili bila kujua.

ATmega328P ikitoka kiwandani haitumii kristali, yaani kile kipande cha nje kinachotoa mapigo ya kuiendesha. Hata ukiichomeka kwenye soketi yenye kristali ya 16 MHz, inaipita kama haipo. Ndani yake mna osileta (kitoa mapigo) ya 8 MHz, na fyuzi iitwayo CKDIV8 inayagawa mapigo hayo kwa 8, kwa hiyo chipu inaanza maisha kwa 1 MHz. (Fyuzi za humu haziungui. Ni biti za mipangilio zinazobaki hata umeme ukikatika, na unaweza kuziandika upya.) Sasa programa inapoflashi, yenyewe ndiyo inayopiga mapigo kwenye waya wa SCK, na chipu inatakiwa iyafuate. Kitabu cha chipu kinadai kila pigo la SCK likae juu kwa zaidi ya mizunguko 2 ya chipu, na chini kwa zaidi ya mizunguko 2. Chipu inayoenda kwa 1 MHz inataka SCK iwe chini ya 250 kHz. USBasp isipoambiwa lolote inapiga 375 kHz. Ni sawa na kumsomea mtu namba ya simu haraka kuliko mkono wake unavyoandika: siku nyingine ataipata yote, siku nyingine tarakimu mbili zitamponyoka.

Hiyo ndiyo "mara inakubali, mara inagoma" yako. Ukishavuka mpaka ule huna ahadi yoyote. Osileta ya ndani imesahihishwa kiwandani ndani ya asilimia 10 tu, juu au chini, na joto na volti huisogeza kidogo pia. Chipu mbili za mfuko mmoja hazifanani kabisa kwa mwendo, na chipu moja asubuhi na saa nane mchana chini ya bati si kitu kilekile.

Sasa tazama ya jamaa yako. Programu ya ArduinoISP inayoigeuza Uno kuwa programa imeandikwa kwa tahadhari: SCK yake ni 1 MHz kugawa kwa 6, yaani kama 166 kHz. Iko chini ya 250, kwa hiyo chipu zako mpya zinaielewa bila taabu. Kisha anabonyeza Burn Bootloader. Kitufe hicho, pamoja na kuweka butiloda (programu ndogo ya kuanzia), huandika fyuzi za Uno, zinazoiambia chipu iache osileta ya ndani na ifuate kristali ya 16 MHz. Chipu ikirudi Mwanga inaenda kasi mara 16 zaidi ya ilivyoondoka, na 375 kHz ya USBasp kwake ni mwendo wa kobe. Zile ulizochomoa kwenye Uno za zamani hazikusumbui kwa sababu hiyohiyo. Programa yako ni nzima. Inasema haraka mno kwa msikilizaji mpya.

Dawa ni kuipunguza kasi. Kwenye avrdude, programu ya kompyuta inayoiendesha USBasp, ni hivi:

avrdude -c usbasp -p m328p -B 10

Hiyo -B 10 inaomba pigo la maikrosekunde 10 (sehemu 10 za milioni za sekunde), na USBasp itakupa 93.75 kHz. Amri hii haiandiki kitu kwenye chipu, inasoma saini tu, kwa hiyo irudie mara nyingi upendavyo.

Lakini hapo ndipo lile onyo ulilolizoea linapokuja kukudai. Linasema programa imeshindwa kuweka muda wa sck na kwamba uangalie programu mpya ya ndani ya USBasp. Kwa fundi anayeflashi chipu zenye kristali ya 16 MHz onyo hilo halina madhara, na ndivyo watu wengi wanavyolielezea. Kwako wewe lina maana moja nzito: ukiandika -B, USBasp yako haisikii. Inaendelea na 375 kHz yake. Kama uliwahi kujaribu -B ukaona haisaidii ukaiacha, sababu ni hiyo. Nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu bado zinakuja na programu ya ndani ya zamani, na mbili zako zinaelekea ni za namna hiyo, kwa kuwa onyo hutokea kwa zote.

Una njia mbili, na ya kwanza unaweza kuifanya leo jioni. Kwenye bodi ya USBasp tafuta maandishi JP3. Nyingine zina pini mbili hapo, nyingine zina matundu mawili matupu. Yaunganishe. SCK inashuka mpaka kama 8 kHz, na chipu mpya yoyote yenye afya itajibu. Ni polepole sana, programu inayojaza chipu nzima itachukua dakika kadhaa, kwa hiyo itumie kuandika fyuzi tu, kisha uitoe uendelee na kasi ya kawaida.

Njia ya pili ni kuisasisha yenyewe, na hapa ile USBasp ya pili uliyodhani umepoteza nayo pesa inapata kazi, maana moja ndiyo inayoiandika nyingine. Ziunganishe kwa ule waya bapa wa matundu 10, ile inayoandikwa ufunge JP2 yake, na ile inayoandika ndiyo ichomekwe kwenye laptopu. Usichomeke zote mbili. Soma kwanza jina la chipu iliyo kwenye ile inayoandikwa, maana nyingine zina ATmega8 na nyingine ATmega88, na faili ni tofauti. Toleo la 2011-05-28 kutoka kwa Thomas Fischl, aliyeibuni USBasp, linaisikiliza -B. Hakikisha avrdude inasoma saini ya chipu ile sawasawa kabla ya kuandika. ATmega8 ni 1e9307. Ukimaliza, onyo la sck linatakiwa litoweke. Likibaki, faili haikuingia.

Kuhusu fyuzi zenyewe. Je, taa ya mvuvi inahitaji kristali? Sioni. Unapima volti za betri na kupunguza mwanga, hakuna anayekudai sekunde kamili. Ningekuwa wewe ningeiacha chipu kwenye osileta yake ya ndani, niondoe tu ule mgawanyo wa 8:

avrdude -c usbasp -p m328p -B 10 -U lfuse:w:0xE2:m

Kutoka kiwandani fyuzi hiyo ya chini (lfuse) ni 0x62. Ikiwa 0xE2 chipu inaenda kwa 8 MHz bila kristali wala zile kapasita mbili za pembeni yake, yaani vitu vitatu vimepungua kati ya vile vya kulegea mtumbwi unapopigwa na mawimbi. Kumbuka tu kubadilisha na upande wa programu: kama uliiandika ukidhani ni 16 MHz, kila subira itakuwa ndefu mara mbili. Fyuzi nyingine usiziguse. Ile ya juu ina biti inayoweza kuifanya pini ya riseti kuwa pini ya kawaida, na ukiigusa hiyo kwa bahati mbaya USBasp haitaiona tena chipu hiyo maisha.

Na usiandike fyuzi kwenye njia inayoyumba. Saini ije sawa kila ukisoma, mfululizo, ndipo uandike. Kusoma vibaya hakuui chipu, kuandika vibaya kunaweza. Kwa sababu hiyo sipendi kabisa ushauri wa kuongeza -F ili avrdude isiangalie saini, au -V ili isihakiki ilichoandika. Walinzi wawili wanapiga kelele, unawafunga mdomo, halafu unalala.

Tukiwa kwenye saini: zile chipu mbili za 1e9514 hazina ugonjwa. ATmega328P ni 1e950f, na 1e9514 ni ATmega328 isiyo na P, ndugu yake anayetumia umeme zaidi kidogo anapolala. Wauzaji wanazichanganya. Andika -p m328 badala ya -p m328p na itaendelea. Kwa taa yako hutaona tofauti.

Sasa kosa la pili, ambalo kwangu ndilo tamu. Umesema chipu ikiwa kwenye bodi inagoma na taa inapepesa. Hukuniambia mosfeti (swichi ya kielektroniki inayowasha ledi) umeiunganisha na pini gani, lakini taa imeshaniambia. Taa ya ledi haina sababu ya kupepesa wakati wa kuflashi isipokuwa geti la mosfeti, yaani pini yake ya kupokea amri, limekaa kwenye moja ya nyaya za programa. Nabashiri ni pini namba 11 ya Arduino, ambayo watu wanaipenda kwa kupunguza mwanga. Pini hiyo ndiyo MOSI, inayopokea data kutoka kwa programa, pini ya 17 kwenye chipu. Ya 12 ni MISO, inayorudisha majibu ya chipu, pini ya 18. Ya 13 ni SCK, pini ya 19.

Madhara yake ni mawili kwa pamoja. Kwanza, geti la mosfeti kubwa ni kapasita. IRFZ44N, kwa mfano, ina kama pikofaradi 1,470 kwenye geti, na programa inalazimika kulijaza na kulimwaga geti hilo kwa kila biti. Kona kali za mapigo zinageuka kuwa vilima, na chipu inashindwa kujua biti ilikuwa 1 au 0. Pili, kila biti ya 1 inawasha taa nzima. Ledi zinavuta mkondo kwa mishtuko, volti zinacheza, graundi inacheza, na katikati ya vurugu hiyo unataka chipu isikie vizuri. Haiwezi, hata ungeileta programa ya bei gani. Hili la orijino nitalirudia chini, lakini jua kwamba orijino nayo ingegoma hapa.

Bodi zijazo, hamishia geti kwenye pini 9 au 10 ya Arduino. Zote mbili zinapunguza mwanga vilevile na haziguswi wakati wa kuflashi. Bodi ambazo umeshazitengeneza, kata ule mstari unaoenda getini na uchomelee rezista ya kilo-omu 1 hapo, ili programa isibebe mzigo wa geti moja kwa moja. Kwa mapigo yale ya kupunguza mwanga, ambayo ni chini ya 1,000 kwa sekunde, rezista hiyo haitaichelewesha mosfeti kwa kiasi cha kujali. Hakikisha pia kuna rezista ya kilo-omu 10 kutoka upande wa geti kwenda graundi, la sivyo wakati riseti imeshikwa chini geti linaelea na taa inaweza kuwaka nusu nusu, mosfeti ikapata moto bure. Na kabla ya kuflashi toa waya wa ledi. Ni skrubu moja tu.

Nadokeza pembeni: IRFZ44N haikutengenezwa kufunguka vizuri kwa volti 5 getini. Inafunguka kiasi, na kinachobaki kinakuwa joto. Kama unaona mosfeti zako zinaungua wakati mkondo wenyewe si mkubwa, tafuta IRLZ44N. Herufi ya tatu ndiyo inayobadilika, angalia usiuziwe nyingine.

Kuna na suala la umeme kutoka pande mbili. USBasp ina JP1 inayopeleka volti 5 za USB kwenye bodi yako. Bodi yako nayo ina regyuleta inayotoa volti 5 kutoka betri ya 12. Ukiacha vyote viwili, vyanzo viwili vinasukumana. Ukiondoa betri na kuacha JP1, volti za USB zinaingia kwenye regyuleta kwa mlango wa nyuma na kuanza kulisha kapasita kubwa za upande wa betri. Hapo volti za USB zinazama kidogo, na kidogo hicho kinatosha kuleta matatizo. Chagua moja. Mimi kwa bodi kamili huondoa JP1, naacha betri iilishe bodi, na programa inabaki na nyaya za mawasiliano na graundi. Kwa chipu tupu kwenye soketi, naacha JP1.

Pima volti kati ya pini ya 7 na ya 8 za chipu wakati kazi inaendelea. Kupima ikiwa imetulia hakukuambii kitu, maana kila kitu kikitulia kinaonyesha 5. Ikishuka chini ya 4.5 wakati wa kuandika, badilisha waya wa USB kabla hujafikiria jambo lingine. Waya mrefu mwembamba wa kuchajia simu ni adui anayechekesha, kwa sababu taa ya programa inawaka vizuri kabisa.

Nyaya. Hapa mafundi tunapoteza siku nzima. Kwenye tundu la pini 10 la USBasp, MOSI ni ya 1, volti ni ya 2, riseti ni ya 5, SCK ni ya 7, MISO ni ya 9. Graundi chukua ya 8 au ya 10. Michoro mingi inayozunguka inaonyesha 4 na 6 nazo ni graundi, lakini kwenye mchoro wa Fischl hizo mbili ni za mawasiliano mengine. Ukichukua graundi hapo, kwenye programa moja itafanya kazi na kwenye nyingine itaelea, na kitu kinachoelea kinakupa tabia za kichawi: ukigusa bodi kwa kidole inakubali, ukiondoa kidole inagoma.

Upande wa chipu, pini ya 20, AVCC, lazima iunganishwe na volti 5 hata kama hupimi chochote, na graundi ziko mbili, ya 8 na ya 22, ziunganishe zote. Weka kapasita ya 104 (nanofaradi 100) karibu kabisa na pini 7 na 8, nyingine karibu na 20 na 22. Sentimita kumi mbali haihesabiki. Riseti ipewe kilo-omu 10 kwenda volti 5. Nyaya zenyewe zisizidi urefu wa kiganja na vidole vyake, na bredibodi (ile bodi ya kuchomeka vifaa bila risasi) itumie kwa majaribio tu. Kazi ya kila siku inataka soketi ya pini 28 iliyochomelewa kwenye bodi tupu yenye matundu, pamoja na kapasita zake na tundu la programa. Huko kwenu hewa ya ziwa haina huruma na vibano vya bredibodi. Vinapata kutu usiyoiona, na baada ya hapo kila utakachochomeka kitakuwa na bahati yake.

Soketi hiyo ukishaitengeneza, teua chipu moja unayoiamini, ipake rangi ya kucha mgongoni, na usiiuze. Siku programa ikigoma, unachomeka hiyo kwanza. Ikijibu, tatizo liko kwenye chipu au bodi ya mteja. Isipojibu, tatizo liko upande wako. Jaribio hilo linamaliza ubishi kabla ya kuanza, na lingekuokoa na ile nauli ya Kariakoo.

Saini inayorudi nayo ina mengi ya kusema, kama utaisoma. Programa inapoanza inashika riseti chini na kutuma AC 53, na chipu ikiwa macho inarudisha ile 53. Isiporudi ndipo unapata ujumbe kwamba haijibu: angalia umeme, riseti, graundi, na kasi. Ikijibu lakini saini ikawa 000000, waya wa MISO umevutwa chini mahali fulani, mara nyingi ni risasi ya kuchomelea iliyomwagika kati ya pini mbili, au kuna kifaa kingine kwenye bodi kinauvuta. Ikiwa ffffff, hakuna anayeusukuma waya huo, kagua kama umekatika. Ikiwa namba zinabadilika kila ukisoma, acha kutafuta waya uliokatika. Huo ni mwendo kuwa mkubwa, graundi mbaya, au mzigo kwenye nyaya kama wa mosfeti yako.

Laptopu nitaipita haraka kwa sababu hukuilalamikia. Kosa la upande huo lina ujumbe wake: avrdude inasema haioni kifaa cha USB chenye vid 16c0 na pid 05dc. Ukiona hivyo hata usiishike chipu. Kwenye Windows ni draiva, iweke kwa programu iitwayo Zadig. Kwenye Linux kwa kawaida ni ruhusa. Jaribu tundu la USB 2, kwa kuwa USBasp ni kifaa cha mwendo wa chini kabisa wa USB na kuna matundu mapya yasiyopatana nayo. Na kuna zinazouzwa kwa umbo lilelile la USBasp lakini ndani zimewekwa programu nyingine, zinajitambulisha kwa 03eb na c8b4. Hizo avrdude haitaziona mpaka uziandike upya kwa programa nyingine, kwa njia ileile ya JP2.

Jambo moja la chaja. Chaja ya laptopu ya pini mbili huvujisha umeme kidogo kwenye graundi, ule unaokutekenya ukipitisha mkono kwenye laptopu ya bati. Ukiwa na bodi iliyoungwa na chaja ya betri inayotumia umeme wa ukutani, tofauti hiyo ya graundi inapita kwenye pini ya kwanza itakayogusana. Unganisha graundi kabla ya nyaya nyingine, na ukiona chipu zinakufa bila maelezo, chomoa chaja ya laptopu, flashi kwa betri yake.

Sasa orijino. Zipo nzuri. Atmel-ICE na MPLAB SNAP za Microchip ni vifaa vya heshima, na siku utakapohitaji kuingia ndani ya programu na kuisimamisha mstari kwa mstari utanunua kimojawapo. Kwa kazi ya taa sioni faida. Kwa pesa ndogo zaidi uwe na programa mbili za aina tofauti, narudia, za aina tofauti, maana USBasp mbili zenye programu ileile ya ndani zina ugonjwa mmoja na haziwezi kushuhudiana. Tafuta Uno moja ya zamani uiwekee ArduinoISP kama ya jamaa yako. Ukishaiwekea, chomeka kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya RESET na GND ya hiyo Uno, upande hasi kwenye GND, la sivyo Uno itajiriseti yenyewe kila laptopu ikifungua mawasiliano, nawe utarudi kuniambia kwamba nayo haieleweki. Kapasita hiyo itoe unapotaka kuiandika Uno yenyewe.

Kwa mpangilio wa kazi kabla giza halijaingia na mitumbwi haijatoka: leo funga JP3, andika lfuse kwenye chipu zote mpya ukiwa umeziweka kwenye soketi, fungua JP3, weka programu. Zichomeke kwenye bodi zikiwa zimeshaflashiwa, ili usipambane na mosfeti wiki hii. Rezista za geti na kusasisha USBasp ni kazi za mbalamwezi ijayo, taa zitakaporudi mezani.

Na zile ulizokwisha kuzitupa kwenye kopo kwamba zimekufa, zirudishe mezani. Zijaribu kwa JP3 iliyofungwa, kwanza bila kristali, halafu na kristali. Ikigoma kote, huenda fyuzi zake zinasubiri mapigo kutoka nje: chukua Uno, iandikie programu fupi ya kuchezesha pini 9 juu na chini bila kusita, peleka waya huo kwenye pini ya 9 ya chipu, XTAL1, graundi zikiwa zimeungwa pamoja, na usome saini huku JP3 imefungwa. Ikijibu, andika lfuse ya 0xE2 hapohapo. Itakayokataa hata baada ya hapo pengine imefungwa riseti yake, na hiyo inataka volti 12 kwenye pini ya 1 pamoja na nyaya nyingi za kuandika biti nane kwa pamoja. Kwa chipu moja au mbili haina maslahi. Ziweke kwenye bahasha, zikifika kumi nitumie huku Tabora kwa treni.